Sura ya Nne: Mkataba Peke Yake Hautoshi

Tarehe 21 Septemba 1833, mjini Muscat, Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, alifunga mkataba wa urafiki na biashara na Marekani. Aliyemwakilisha Rais Andrew Jackson alikuwa Edmund Roberts, mfanyabiashara wa New Hampshire. Miaka michache kabla ya hapo Roberts alikuwa amefika Unguja na shehena yake, akasumbuliwa na maofisa wa bandari, akarudi kwao akiwa na nia moja: safari nyingine aje na karatasi yenye nguvu. Akaipata. Mkataba ule uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zitakazoshushwa kutoka meli za Marekani na kuondoa ada nyingine za bandari. Uliruhusu Marekani kuweka konseli wake na kumpa mamlaka ya kuamua kesi baina ya Wamarekani wenyewe. Mmarekani akifia huku, mali yake ingekabidhiwa konseli. Mabaharia wao wakivunjikiwa na chombo, wangetunzwa kwa gharama ya Sultani hadi wapate njia ya kurudi kwao.

Mfanyabiashara aliye mbali na kwao huogopa mambo matatu: kutozwa asichokitarajia, kuonewa kwa kuwa hajulikani, na kufa mali yake ikapotea. Mkataba wa Muscat uliyajibu yote matatu. Kuna la nne ambalo haukuligusa, na hakuna mkataba wa wafalme unaoweza kuligusa: miongoni mwa watu hawa nisiowajua, nani ataninunulia, nani ataniuzia, na nani atanilipa?

Sura hii inahusu jambo hilo la nne. Watu wa lugha, dini na sheria mbalimbali wanaweza kufanya biashara kwa vizazi bila kulazimika kufanana. Wanachohitaji ni utaratibu ambao kila upande unauona kuwa ni wake pia. Mapatano ya wakubwa yanafungua njia, lakini yasiposhuka hadi forodhani, sokoni na barazani, yanavunjika, na gharama ya kuvunjika huko hulipwa na wengi. Pwani ya Afrika Mashariki iliyaona yote mawili ndani ya karne moja, kwa hiyo hapa ni mahali pazuri pa kujifunzia.

Forodha ya Jairam

Konseli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, aliteremka Unguja mwezi Machi 1837. Alitoka Salem, bandari ya Massachusetts ambayo manahodha wake walikwisha kuizoea Bahari ya Hindi. Alikuwa Mkristo mcha Mungu aliyechukia utumwa. Mji aliouingia ulikuwa na Waarabu wa Oman wa madhehebu ya Ibadhi, Waswahili wa madhehebu ya Shafi, Wabaniani, Makhoja, Mabohora, Washihiri na Wangazija, pamoja na maelfu kwa maelfu ya watumwa walioletwa kutoka bara. Kadhi wa Ibadhi na kadhi wa Sunni wote walihukumu mjini humo kwa idhini ya mtawala mmoja.

Kwa mujibu wa mkataba, Waters alikuwa huru kumuuzia amtakaye. Kwa hali halisi hakumjua mtu. Hakujua nani ana pembe ghalani, nani ameahidi pembe hiyo hiyo kwa watu wawili, nani hulipa kwa wakati na nani huponyoka na msimu wa pepo. Mtu aliyeyajua hayo yote alikuwa Jairam Shivji, Mbhatia wa Kutch, msimamizi wa forodha.

Sayyid Said hakuwa na idara ya mapato yenye makarani wa serikali. Alikodisha forodha kwa nyumba moja ya wafanyabiashara. Nyumba hiyo ikamlipa kiasi walichokubaliana kwa mwaka, na kilichozidi kikawa chumo lake. Nyumba ya Shivji iliishika kazi hiyo kwa miongo kadhaa. Kila robota la nguo na kila frasila ya pembe vilipita mbele ya mizani ya Jairam. Hamali wa kupakia na kupakua meli walipatikana kwa neno lake. Sultani mwenyewe alikuwa mdaiwa wa nyumba hiyo.

Waters akafanya kile ambacho mgeni mwenye akili angefanya: akashirikiana naye. Jairam akamtafutia wanunuzi wa nguo, akamkusanyia pembe, ngozi na sandarusi, naye akachukua fungu lake la udalali. Manahodha wengine wa Kimarekani wakalalamika kwamba wawili hao wamelifunga soko, na malalamiko yao yakafika hadi kwa serikali yao. Kisheria walikuwa na hoja, kwa sababu mkataba uliahidi biashara huru. Lakini walikuwa wakisoma karatasi, wakati Waters alikwisha kuusoma mji. Taasisi iliyoandikwa ilikuwa mkataba. Iliyokuwa ikiendesha mambo ilikuwa forodha ya Jairam, na asiyeitambua aliozewa na shehena bandarini.

Mprotestanti wa Massachusetts, Mhindu wa Kutch na Sultani Mwislamu wa Oman waliendesha biashara moja bila yeyote kumtaka mwenzake abadili ibada yake wala chakula chake. Waters alikuwa na nguo za viwanda vya kwao na masoko ya ng'ambo. Jairam alikuwa na habari, mtaji na watu. Sultani alikuwa na mamlaka ya kuwalinda wote wawili. Kila mmoja alikuwa na kitu ambacho mwenzake hangekipata hata kwa kukaa miaka ishirini, na hapo ndipo tofauti zao zilipogeuka mtaji.

Mwaka 1840 Sayyid Said alituma meli yake mwenyewe, Sultana, hadi New York, chini ya Ahmad bin Naaman. Ilibeba tende, kahawa, ngozi, pembe, karafuu na mazulia, pamoja na zawadi kwa rais. Serikali ya Marekani ikaifanyia meli hiyo matengenezo bila malipo. Miaka saba baada ya saini ya Muscat, ukarimu ulikuwa umeanza kwenda pande zote mbili.

Deni moja, lugha tatu

Katika mji huu wa watu wa kila namna, mkopo ulipatikanaje? Tuutazame mkopo wa kawaida wa msafara.

Mfanyabiashara wa Kiarabu au wa Kiswahili anataka kwenda bara kutafuta pembe, naye hana mtaji. Anakwenda kwa tajiri wa Kihindi. Mazungumzo yanafanyika kwa Kiswahili, barazani, mbele ya watu. Wakishakubaliana, mwandishi anaandika waraka kwa Kiarabu: jina la mdaiwa, la baba yake, la babu yake na la kabila lake, deni lenyewe kwa reale au kwa frasila za pembe, muda wa kulipa, ambao mara nyingi ni miaka kadhaa, na mashahidi. Kisha tajiri anarudi dukani na kuliingiza deni katika daftari lake kwa Kigujarati. Kiswahili kimefanya kazi ya mapatano, Kiarabu kazi ya sheria, Kigujarati kazi ya hesabu. Hakuna aliyedai lugha yake itawale yote matatu.

Ule urefu wa jina ulikuwa na maana yake. Mdaiwa angeweza kupotelea Ujiji au ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kwa miaka, lakini ukoo wake ulibaki Unguja, na shamba la karafuu likabaki Unguja. Aliyeandika nasaba yake kwenye waraka alikuwa amewaweka rehani jamaa zake wote walio hai, pamoja na heshima ya waliokwisha kufa.

Kulikuwa na kikwazo kizito zaidi. Uislamu unaharamisha riba, na tajiri hawezi kumpa mtu mali kwa miaka bila faida. Njia mbili zilipatikana. Ya kwanza, bidhaa za mkopo ziliuzwa kwa bei iliyozidi ile ya taslimu, na tofauti ya bei ikabeba thamani ya muda. Ya pili ilikuwa mauzo ya khiyari: mdaiwa alimuuzia tajiri shamba lake kwa sharti kwamba ana haki ya kulinunua tena ndani ya muda fulani, na wakati huo huo akaendelea kukaa humo na kulipa kodi. Kadhi aliona mauzo yanayokubalika. Tajiri aliona mapato yake. Wanazuoni walijadiliana sana juu ya uhalali wa jambo hili, na wapo waliolikemea. Hata hivyo, sheria ya dini moja na desturi ya fedha ya watu wa dini nyingine zilikuwa zimekutana katika karatasi moja ambayo pande zote mbili ziliiheshimu.

Hivyo ndivyo mtaji wa Bombay na Kutch ulivyofika katikati ya Afrika. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, anayejulikana zaidi kama Tippu Tip, aliendesha misafara yake mikubwa kwa mikopo ya matajiri wa Kihindi, na mkuu miongoni mwao alikuwa Tharia Topan, Khoja Ismailia ambaye baadaye aliishika forodha ya Unguja. Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili. Ukiyasoma, utaona jinsi kumbukumbu ya madeni inavyokwenda sambamba na kumbukumbu ya vita.

Mahali ambapo waraka haukufika

Nyuma ya miji ya pwani, waraka ule haukuwa na nguvu. Kadhi wa Unguja hakuwa na askari Ugogo. Wenye nchi huko walikuwa na taasisi zao, na msafara ulilazimika kuingia ndani ya taasisi hizo au kurudi.

Ya kwanza ilikuwa udugu. Watu wa makabila mbalimbali walichanjiana damu wakawa ndugu, na ndugu hakuachwa aibiwe katika nchi ya nduguye. Wengine waliungana kwa ndoa. Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Ndoa ile ilimpa kitu ambacho konseli yeyote wa pwani angekitamani: haki ya kukaa, kulima na kufanya biashara Tabora kama mkwe, chini ya ulinzi wa mtemi.

Ya pili ilikuwa hongo, yaani malipo ya kupita katika nchi ya watu. Ugogo ni nchi kame, na visima vina wenyewe. Msafara ulisimama, ukajadiliana na wakuu wa mahali kwa siku nzima au zaidi, ukatoa nguo, shanga na masango, ndipo ukapita. Wasafiri wengi wa Kizungu waliandika kwamba huo ni unyang'anyi. Lakini aliyelipa hongo alipata maji, chakula na njia salama. Kwa Mgogo mwenye kisima, mgeni anayetaka kuwanywesha wapagazi mia tano bure ndiye aliyekuwa mnyang'anyi.

Ya tatu ilikuwa kazi yenyewe ya upagazi. Wanyamwezi walioitawala kazi hiyo walikuwa na kanuni zao: mshahara wa nguo, posho ya kila siku, uzito wa mzigo, mahali pa kirangozi mbele ya msafara. Kanuni zikivunjwa, waligoma au walitua mizigo na kuondoka usiku. Tajiri wa pwani aliyefikiri amekodi mabega tu aligundua kwamba ameingia katika mkataba na watu wanaojua haki yao.

Halafu kulikuwa na mteja. Nguo ilipimwa kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ni shuka, minane ni doti. Nguo nyeupe isiyotiwa dawa kutoka viwanda vya Marekani, merikani, ilipendwa kwa uzito na uimara wake, na bidhaa za kuiga hazikuiondoa kwa urahisi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, ndivyo vilivyokata mkondo wake na kuwafungulia wengine mlango. Shanga zilikuwa na masharti zaidi. Richard Burton, aliyepita njia ya Tabora mwaka 1857, aliandika kwamba aina zake zilikaribia 400, kila moja na jina lake na mahali inapopendwa. Nyekundu za samesame zilipokelewa karibu kila mahali; nyingine zilikuwa fedha katika nchi moja na takataka katika nchi ya pili. Msafara uliobeba rangi isiyotakiwa ungeweza kushinda na njaa huku umebeba mali. Kwa hiyo mafundi wa vioo wa Venice, bila kuijua Tabora, walikuwa wakifuata matakwa ya wanawake na vijana wa huko.

Pembe iliyopatikana kwa njia hiyo ilikwenda hadi miji ya Deep River na Ivoryton katika jimbo la Connecticut, ikapasuliwa vipande vyembamba na kuwa vibao vya piano. Kutoka kwa mwindaji hadi kwa fundi wa piano, mali ilipita mikononi mwa watu wa dini, lugha na sheria ambazo hakuna hata mmoja aliyezijua zote. Haikuwa lazima azijue. Ilitosha kila kiungo kimjue jirani yake na kiwe na njia ya kumdai.

Kiungo kimoja kilipokatika, wote walihisi. Fundikira alipokufa, mrithi wake Mnywa Sere alidai kodi kwa wafanyabiashara wa pwani, nao badala ya kujadiliana naye kama mwenye nchi, walishiriki kumwondoa mwaka 1860 na kumtawaza Mkasiwa. Vita ikafuata kwa miaka. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo akapigana na Waarabu wa Tabora na kuifunga njia ya Ujiji. Wageni waliokuwa wamefanikiwa kwa udugu walijaribu kuendelea kwa kuchagua mtawala, na biashara ikalipa.

Pwani moja, mwaka mmoja, kampuni mbili

Mwaka 1888 historia ilituwekea mbele mifano miwili inayoweza kulinganishwa kwa karibu kuliko kawaida.

Tarehe 28 Aprili mwaka huo, Sultani Khalifa bin Said aliikodishia Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala na ushuru wa pwani ya Tanganyika. Kwenye karatasi mambo yalikuwa kamili: saini ya Sultani, mipaka, muda, malipo. Katikati ya Agosti maofisa wa kampuni wakaingia mijini kuchukua forodha. Pangani alipelekwa Emil von Zelewski, kijana ambaye Watanzania wanamkumbuka kwa mwisho wake Lugalo, mbele ya majeshi ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, mwaka 1891. Liwali alikataa kumkabidhi mji. Wanajeshi wa majini wakashushwa, mlingoti wa bendera ya Sultani ukaangushwa, na masimulizi ya wakati ule yanasema waliingia msikitini na mbwa. Kampuni ikawataka wenye mashamba wathibitishe umiliki wao kwa kanuni mpya, katika mji ambao ardhi nyingi ilijulikana kwa ukoo, ushahidi wa majirani na nyaraka za kadhi.

Hasira ya Pangani haikuzaliwa siku ile. Ndani ya mji mlikuwa na ugomvi wa zamani: wenyeji na wenye mashamba makubwa, wadaiwa na wakopeshaji, waungwana na waliotaka kuwa waungwana. Liwali, kadhi, sikukuu na sadaka zilikuwa njia za kuutuliza ugomvi huo. Kampuni ilizivunja zote ndani ya siku chache bila kujua zilikuwa zinabeba nini, ndipo watu waliokuwa wakigombana wakapata adui mmoja. Abushiri bin Salim al-Harthi akaongoza mapambano Pangani, Bwana Heri akaongoza Saadani. Kilwa, maofisa wawili wa kampuni waliuawa. Kufikia mwisho wa Septemba kampuni ilikuwa imebaki na Bagamoyo na Dar es Salaam tu. Ilibidi dola ya Ujerumani itume jeshi chini ya Hermann Wissmann. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, baada ya damu nyingi ya watu wa pwani. Kampuni nayo haikurudi kwenye utawala: kuanzia tarehe 1 Januari 1891 serikali ya Ujerumani iliichukua nchi.

Kaskazini ya hapo, Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilikuwa na ukodishaji wa namna hiyo hiyo kutoka usultani huo huo. Mjumbe wake, George Mackenzie, alifika Mombasa mwezi Oktoba 1888, habari za Pangani zikiwa zimejaa mjini. Yeye alikuwa mfanyabiashara mwenye uzoefu. Akawaacha maliwali na makadhi mahali pao. Akakuta moto unataka kuwaka: watumwa zaidi ya 1,400 waliotoroka mabwana zao walikuwa wamejihifadhi katika misheni za Rabai na jirani zake, na wenye mashamba walikuwa tayari kuwafuata kwa silaha. Mackenzie akazungumza na pande zote, akawalipa mabwana fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watu wale wakapewa hati zao za uhuru Rabai. Mombasa haikulipuka mwaka ule.

Karatasi zilifanana, tofauti ilikuwa katika namna zilivyoshushwa kwa watu. Kampuni moja ilidhani saini ya Sultani inaufikia kila mlango. Nyingine ilijua kwamba kila mlango una mwenyewe, na kwamba mwenyewe lazima aulizwe.

Tusiipambe Mombasa kupita kiasi. Kampuni ya Mackenzie ilielemewa na gharama, hasa za Uganda, ikaiachia serikali ya Uingereza eneo lake mwaka 1895, na mwaka huo huo Mbaruk bin Rashid wa Gazi akaingia vitani dhidi ya Waingereza. Busara ya mtu mmoja ilinunua muda, lakini haikugeuka taasisi. Tuangalie pia fidia ililipwa kwa nani. Aliyehesabiwa kuwa amepoteza ni bwana; aliyetumikishwa, akatoroka, akahatarisha shingo yake, alipewa karatasi tu. Utaratibu uliosifiwa kwa kuleta amani ulimwona mtu kama mali hadi dakika ya kumwachia.

Doa hilo linapita katika sura hii yote. Waraka uliounganisha Waislamu na Wahindu uliweza pia kuorodhesha watu kama sehemu ya shamba. Mashamba yaliyowekwa rehani yalipaliliwa na watumwa. Waters aliyeuchukia utumwa alitajirika katika bandari iliyoishi kwa utumwa, na soko la watumwa la Unguja halikufungwa hadi mwaka 1873. Taasisi inaweza kuwa ya haki baina ya walioketi mezani na ikawa dhuluma kwa wasioitwa. Kusifu mshikamano wa mataifa katika bandari yoyote bila kuuliza nani alibeba mizigo ni kusimulia nusu ya habari.

Huduma ile ile, nchi tofauti

Mambo haya hayakuisha na majahazi. Mwezi Machi 2007 Safaricom ilizindua M-Pesa nchini Kenya. Wazo lilianza kwa majaribio ya kulipa mikopo midogo kupitia simu, lakini watu walilipeleka walikotaka wao: kutuma pesa nyumbani. Kenya iliishi na desturi ya kijana anayefanya kazi Nairobi na wazazi walio shambani, na kabla ya hapo fedha zilipelekwa na dereva wa basi au jamaa anayesafiri. Mwenye duka la kijijini, anayejua majina ya wateja wake, akawa wakala. Benki Kuu iliiacha huduma ianze huku ikiiangalia. Mwaka uliofuata ikafika Tanzania, ikaota mizizi.

Huko Afrika Kusini huduma hiyo ilizinduliwa mwaka 2010, na Vodacom, kampuni iliyofanikiwa nayo Tanzania, ikishirikiana na benki. Teknolojia ilikuwa ile ile, na mtaji haukukosekana. Huko, watu wengi zaidi walikuwa na akaunti za benki, maduka makubwa yalikwisha kutoa huduma ya kutuma fedha, na kanuni za benki zilikuwa kali kwa mawakala wadogo. Huduma ilizinduliwa upya mwaka 2014, na mwaka 2016 ikafungwa. Hakuna utamaduni uliokuwa bora na mwingine duni. Nchi moja ilikuwa na pengo lenye umbo la huduma ile, nyingine haikuwa nalo.

Hata suala la riba limerudi. Mwaka 2008 Kenya ilipata benki zake za kwanza zinazofuata sharia ya Kiislamu kikamilifu, na Tanzania ikapata Amana mwaka 2011. Mteja anayetaka gari haazimwi fedha kwa riba. Benki inalinunua gari, kisha inamuuzia kwa bei ya juu kwa awamu. Wakopeshaji wa Unguja wa miaka ya 1850 wangeuelewa mpango huo bila kuelezwa mara mbili. Tofauti ni kwamba sasa unasimamiwa na benki kuu na kamati za wanazuoni, na mteja ana pa kupeleka malalamiko.

Katika Namanga na Malaba, maofisa wa forodha wa nchi mbili sasa wanakaa chini ya paa moja, na dereva wa lori anasimama upande mmoja tu. Mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Bara la Afrika ulisainiwa Kigali mwezi Machi 2018, na biashara chini yake ikaanza rasmi tarehe 1 Januari 2021. Kwa saini, ni hatua kubwa kuliko ile ya Muscat. Utafanikiwa au utakwama pale ambapo muuza vitunguu, mwanamke mwenye magunia matatu, anakutana na karani mwenye muhuri. Akieleweka lugha yake, akijua ushuru wake kabla ya kufika, akipata wa kumsikiliza akionewa, mkataba utakuwa umemfikia. Asipoyapata hayo, atapita njia ya panya, na takwimu za viongozi hazitamwona.

Kabla ya saini

Kampuni inayokwenda nchi ya kigeni huandaa mwanasheria, mhasibu na mpango wa soko. Historia ya pwani hii inadai iandae pia majibu ya maswali mengine. Nani hasa anaendesha forodha, hata kama jina lake halimo kwenye sheria? Mtu wa hapa akidhulumiwa, huenda kwa nani kwanza: mahakamani, kwa mzee, kwa imamu, kwa mwenyekiti wa mtaa? Ni desturi gani tunayotaka kuifuta, na je, tunajua ilikuwa inazuia ugomvi gani? Ni nani atakayebeba uzito wa mapatano haya bila kuwa ameulizwa?

Maswali hayo yanawahusu wenyeji pia. Serikali zetu husaini mikataba ya madini, bandari na ardhi na wageni kutoka pande zote za dunia, na mara nyingi kijiji kinachokaa juu ya ardhi hiyo hupata habari wakati tingatinga limekwisha kufika. Khalifa bin Said naye alikuwa na haki ya kisheria ya kutia saini. Alichokosa ni ridhaa ya Pangani, na wala hakuiomba. Kila mkataba unaofungwa kwa namna hiyo leo unarithi hatari ile ile, kwa mwekezaji na kwa nchi. Kuwauliza watu mapema huchukua miezi na huonekana kama kuchelewesha maendeleo. Kutowauliza kuliichukua pwani miaka ya vita, na Abushiri hakuwa wa mwisho kufa kwa sababu hiyo.